Bi Msonyo na Mti Uliopigwa Mara Tisa

Foleni ya picha za pasipoti ilikuwa imetoka nje ya mlango hadi kituo cha mabasi. Mwanamume mmoja mwenye matope magotini akawapita watu wote na kuweka kadi ya kamera juu ya kaunta.

"Kaka, hawa wengine unadhani wamekuja kuota jua?" binti wa kaunta aliuliza bila kuinua uso.

Jamaa akarudi nyuma kabisa. Hapo binti akapata nafasi ya kumtazama na kumdharau kwa raha zake: fulana ya mifuko kumi na minne, maana aliihesabu, kofia ya turubai, viatu vya kupandia milima juu ya lami. Yeye mwenyewe alikuwa ndani ya koti jeupe lililopigwa pasi, glavu za pamba na hereni ndogo za fedha. Kwa miaka sita alichapa picha katika duka la shangazi yake, na katika miaka hiyo sita hakuona sura iliyomridhisha. Wateja walimwita Bi Msonyo, naye hakuona sababu ya kukanusha.

Picha ya kwanza ya yule jamaa ilipotoka mashineni, binti aliitazama, akasonya, akaichana na kuitupa.

"Dada! Unafanya nini?"

"Nakustiri. Kamera yako imekufa. Mti mmoja umegeuka tisa, na yote imelewa."

Jamaa akainama kwenye pipa la taka, akatoa vipande na kuviunganisha juu ya kaunta. "Ni mara tisa kweli. Niliuzunguka mti, kila hatua mbili nikabonyeza, na kamera ikazipandanisha zote kwenye fremu moja. Humo humo ndani yake. Kompyuta haijagusa kitu."

"Na ungebonyeza mara moja, mti ungenuna?"

"Mti hauonekani wote kwa mara moja."

"Mimi nauona huo wa hapo nje kila asubuhi. Haujawahi kuniumiza kichwa."

Jamaa akacheka. Kwa bahati mbaya alikuwa na kicheko kizuri.

Alirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Binti akambandika jina la Bwana Miti, akaponda kila alicholeta: mianzi iliyopandana kama nywele zisizochanwa, korongo aliyepigwa mara tano akawa moshi mweupe juu ya maji. Bwana Miti alipokea dharau zile kama mtu anayepewa chai. Kisha simu zikaanza, saa za mapumziko ya mchana.

"Mpenzi, umeshakula?"

"Nani mpenzi wako? Piga namba ya korongo."

"Korongo hanitukani vizuri kama wewe."

Binti akageukia ukuta ili shangazi asimwone anavyotabasamu. Siku za Alhamisi, ambazo Bwana Miti alikuja dukani, akaanza kupaka wanja.

Yakafika maonyesho ya picha za asili katika ukumbi wa jiji. Bwana Miti alipeleka ule mti wake, kazi ya miaka mitatu. Mwenyekiti wa kamati, bwana mwenye skafu ya hariri shingoni juani, akaja dukani kuchukua vibandiko vya majina na kuagiza orodha ya picha.

"Hii ya mti," akauliza, "kweli imetoka kwenye kamera hivi hivi?"

Binti alimdharau mwenyekiti, alidharau skafu, na mdomo ukamponyoka kwa mazoea. "Mwenyewe ndivyo anavyosema. Mtu akivaa mifuko kumi na minne, mimi siulizi kilichomo."

Mwenyekiti akacheka, naye akacheka. Kesho yake picha ikaondolewa: udanganyifu wa kompyuta. Mwenyekiti akamweleza Bwana Miti maneno aliyoyasikia dukani.

Simu ya Bwana Miti ilikuwa fupi. "Ungesema hujui, ningekuelewa. Umeniita mwongo ili mtu mwenye skafu acheke." Akakata. Hakupiga tena.

"Mzaha tu, shangazi," binti alijitetea.

"Mzaha?" Shangazi hakumtazama. "Wewe unamdharau kila mtu kwa sababu hujawahi kujaribu kitu kikakushinda."

Neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Jumapili akachukua kamera ya dukani, akaenda bustani ya umma, akauzunguka mti. Mibonyezo tisa: karatasi nyeupe tupu. Mwanga wa mara tisa ulikuwa umeunguza kila kitu. Akajaribu tena, kila mbonyezo akiutia giza kidogo. Tope. Akaanguka kwenye mzizi, akachana sketi, wapita njia wakamcheka, naye akainuka na kubonyeza tena. Jioni, baada ya fremu arobaini na moja, alipata moja: mbovu, imepinda, lakini gome la mti lilikuwa linapumua. Akakaa kwenye nyasi akalia.

Jumatatu akaenda kwa mwenyekiti, akaweka kamera mezani.

"Hii imetoka ndani ya kamera, na mpigaji ni mimi. Niliyokwambia yalikuwa upuuzi."

"Orodha imeshachapwa, binti."

"Nami ndiye mchapaji. Nitaichapa upya."

"Kamati haiwezi kuonekana inayumba."

Binti akamtazama juu chini, akasonya msonyo ambao, waliokuwepo wanasema, ulizima feni. Akarudi dukani, akang'oa mabwana harusi wote waliokuwa wakitabasamu dirishani, akauchapa ule mti wa Bwana Miti kwa ukubwa wa mlango na kuutundika peke yake. Watu wa kituo cha mabasi wakaanza kuchelewa mabasi.

Siku ya nne Bwana Miti akaingia.

"Umeitundika bila ruhusa yangu."

"Ndiyo. Nilikukosea. Nisamehe."

Neno hilo hakuwahi kulitamka, lilitoka likijikwaa. Bwana Miti akavua kofia.

"Naenda milimani miezi miwili. Twende."

"Niende kama nani? Mpagazi wa kamera zako?"

"Kama mke wangu."

Bi Msonyo akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, machozi ndiyo yaliyotoka, yakalowesha glavu za pamba.

"Chukua hilo jibu, mwanangu, uondoke nalo upesi," shangazi akasema kutoka nyuma ya pazia, "kabla sauti haijamrudia."