Lete Betri Kwanza

Mama Sindano alikuwa barazani akishona sare za shule, lakini masikio yake hayakuwa kwenye cherehani. Yalikuwa nyuma ya nyumba. Kila baada ya mishono michache alisimamisha gurudumu kwa kiganja, akainua kichwa, akasikiliza.

Kimya. Akashona tena. Akasimama tena.

Ilikuwa wiki ya tatu tangu mume wake afanyiwe upasuaji wa ngiri. Siku ya kumruhusu kwenda nyumbani, daktari aliwakalisha wote wawili na kusema polepole, "Kwa wiki sita hakuna kuinua kitu kizito. Hakuna kuvuta kitu kwa nguvu. Ngozi ya juu imeshikana, lakini mshono wa ndani bado mchanga. Ukiachia, tutarudi tena kwenye kisu."

Mama Sindano alilielewa jambo hilo kuliko mumewe. Ameshona miaka thelathini. Anajua nguo inavyoweza kuonekana nzima kwa juu, kumbe ndani uzi haujakazwa. Mtu akiivuta kidogo tu, inafumuka yote.

Tatizo lilikuwa nyasi. Mvua zilikuwa zimenyesha mfululizo, na nyuma ya nyumba nyasi zilikuwa zimefika magotini. Juzi nyoka alikatiza kutoka kwenye nyasi hadi kwenye ngazi ya jikoni. Hakuna aliyejua ni nyoka wa namna gani, na hakuna aliyekaa kumuuliza.

Na mume wake hakuwa mtu wa kutulia. Alikuwa fundi wa magari hadi alipostaafu. Watu walimwita Fundi Masikio, kwa sababu alikuwa akiinamisha kichwa juu ya injini, anafumba macho, kisha anakuambia kinachoumwa bila kufungua hata nati moja. Nyumbani alikuwa na mashine ya petroli ya kukatia nyasi. Alikuwa ameiunda upya kwa mikono yake, akaipa jina Ngurumo. Ilistahili jina hilo. Ikiwaka, moshi unaingia hadi chumbani na majirani wanafunga madirisha. Kuiwasha kulitaka kuvuta kamba kwa nguvu zote, mara tano, mara sita, huku ukiitukana kidogo.

"Tumwite mtu aje na fyekeo," mkewe alikuwa amemwambia.

"Mtu aje kufyeka kwangu? Mimi fundi?" Fundi alijibu, akageukia ukutani. Mazungumzo yakaishia hapo.

Ndiyo maana Mama Sindano alikuwa anashona kwa masikio.

Krrrup!

Sauti ya kamba. Aliitupa sare, mkasi ukaanguka, akakimbia. Alimkuta mumewe nyuma ya nyumba ameinama juu ya Ngurumo, mkono mmoja umeshika kamba, mwingine umeshika tumbo.

"Baba watoto!"

"Nilikuwa naisalimia tu," alisema Fundi.

"Unaisalimia kwa kuing'oa mkono? Hebu nione tumbo."

"Tumbo liko mahali pake."

"Nimesema nione!"

Fundi akapandisha shati kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. Mshono wa nje ulikuwa salama. Lakini jasho lilikuwa limemtoka, na midomo ilikuwa imepauka. Mama Sindano alimshika mkono, akamkalisha kwenye kiti.

"Nimechoka kusikiliza," alisema kwa sauti ndogo. "Kukiwa na kelele, naogopa. Kukiwa kimya, naogopa zaidi."

Fundi alitazama nyasi.

"Hodi wenyewe!"

Alikuwa jirani yao wa upande wa pili wa ua, mtunza bustani wa hospitali. Kila mtu alimwita Dada Maua. Alikuwa bado amevaa viatu vyake vya kazini, na mkononi alibeba papai alilolifunga kwenye gazeti.

"Shikamoo, Fundi. Nimeleta papai la mgonjwa. Lakini naona mgonjwa yuko gereji."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Huyu mama yako ananifunga kama mbuzi."

"Mbuzi angekuwa amekula nyasi," alisema Mama Sindano. "Wewe unaziangalia tu."

Dada Maua akacheka hadi akaegemea ukuta. Kisha akaangalia kamba ya Ngurumo, akaangalia tumbo la Fundi, naye akaacha kucheka.

"Fundi, kule hospitali tuliacha mashine za petroli. Wagonjwa walikuwa hawalali, na moshi ulikuwa unaingia wodini. Sasa tunatumia za betri. Hazina kamba ya kuvuta. Hazina waya wa kuburuta. Unabonyeza kitufe, unabana mpini, inazunguka. Nilizizoea hadi nikajinunulia ndogo ya nyumbani."

"Nimeziona," alisema Fundi. "Ile si mashine. Ile ni feni ya kusukuma."

"Feni inayokata nyasi, basi."

"Na isiponguruma, nitajuaje kama inaumwa?"

"Haiumwi mara nyingi. Haina plagi, haina kabureta, haina oili ya kubadilisha."

Fundi alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba kuna watoto wasiolia. Lakini mkewe alikuwa ameshaamua.

"Ilete kesho, mwanangu," alisema. "Nitaisukuma mimi."

"Wewe?" akauliza Fundi.

"Mimi. Ngurumo ilinishinda kwa sababu ya kamba. Kusukuma nguo chini ya sindano miaka yote hii kumenishinda?"

Kesho yake jua lilipokausha umande, Dada Maua akaja na mashine. Ilikuwa nyepesi, aliibeba kwa mkono mmoja. Kabla ya kuiweka betri, alimzungusha Mama Sindano uwanja mzima. Waliokota mawe, vijiti na kipande cha waya. "Kisu kikigonga jiwe, jiwe linaruka kama risasi," alisema. Akamwambia avue kandambili, avae viatu vya kufunika vidole.

"Nyasi zako ni ndefu," akaendelea. "Usizikate zote kwa mara moja. Hiki kishikio hapa kinapandisha kisu juu. Kata kwanza ncha. Kesho kutwa shusha kisu, ukate tena. Na usikate zikiwa na maji. Nyasi mbichi za mvua zinaganda chini, mashine inakabwa."

Kisha akaweka betri kwenye nafasi yake hadi ikalia *kap*, akachomeka ufunguo mdogo wa usalama. Mama Sindano akabonyeza kitufe, akabana mpini. Mashine ikavuma kidogo, kama nyuki ndani ya mtungi.

"Imewaka?" akauliza.

"Imewaka, mama. Sukuma."

Akasukuma. Nyasi zikalala nyuma yake, fupi, sawasawa, kama kitambaa kilichopigwa pasi. Alifika mwisho wa uwanja, akageuka, akarudi. Alianza kuimba. Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mto, anatoa maagizo ambayo hakuna aliyemwomba.

"Kushoto! Umeacha mkia pale!"

"Mkia utakatwa, mzee wangu. Wewe linda tumbo."

Dada Maua aliona mambo yanakwenda vizuri. Akasema anakwenda kwake mara moja kupunguza moto chini ya sufuria.

Pale karibu na bomba ardhi ilikuwa bado na unyevu, na nyasi zilikuwa nene kuliko kwingine. Mashine ikaingia, ikazubaa, ikanyamaza.

Fundi alikuwa ameshasimama. Mwili wake ulimpeleka wenyewe, kama ulivyompeleka gereji kila asubuhi kwa miaka mingi. Gereji walifanya kazi wawili wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani, mwingine anaingia chini. Na kwa Fundi Masikio, injini iliyonyamaza ni injini iliyokufa. Kimya kilikuwa ruhusa ya kuingiza mkono.

"Imekabwa," alisema. "Wewe shikilia mpini hivyo hivyo, usiachie. Mimi natazama."

"Hivi?"

"Hivyo hivyo. Kaza."

Mama Sindano akakaza. Alikuwa amezoea kumtii mumewe kwa mambo ya mashine, kama naye Fundi alivyomtii kwa mambo ya vitambaa. Fundi akaiinamisha mashine ubavu. Donge la nyasi lilikuwa limebana kisu. Akanyoosha vidole.

"FUNDI! TOA MKONO!"

Dada Maua alikuwa kwenye ua, mwiko bado mkononi. Alipita katikati ya michongoma bila kutafuta njia. "Mama, achia mpini! Achia!"

Mama Sindano akaachia kama mtu aliyeshika moto. Dada Maua akafika, akachomoa ufunguo, akatoa betri, akaiweka mbali kwenye nyasi. Ndipo akavuta pumzi. Mkono wake ulikuwa umechanwa na miiba.

"Lakini ilikuwa imezima," alisema Fundi.

"Haikuzima, Fundi. Ilinyamaza. Ngoja nikuonyeshe."

Alichukua kijiti, akaliondoa donge la nyasi. Akaisimamisha mashine vizuri kwa magurudumu yake, akarudisha betri na ufunguo. "Rudini nyuma. Zaidi. Sasa sikilizeni."

Walisikiliza. Hapakuwa na sauti yoyote. Dada Maua akabonyeza, akabana mpini. Papo hapo, bila kukohoa, bila moshi, bila onyo, kisu kikawa kinazunguka na majani yanaruka. Akaachia. Kisu kikachelewa kidogo, kikasimama.

"Ngurumo ikizima, unajua," alisema. "Inataka kamba, inataka mtu mwenye nguvu. Hii haihitaji nguvu. Ikiwa na betri, iko macho. Mama alikuwa bado amebana mpini; donge lingetoka tu, kisu kingezunguka. Inaweza kuwa kimya kabisa na iko macho. Masikio yako ni mazuri, Fundi, lakini hapa hayakusaidii. Tumia macho. Betri iko ndani au iko nje? Kama iko ndani, mkono usikaribie chini."

Fundi alifungua kiganja chake, akakitazama. Vidole vitano. Alivifunga, akavifungua tena. Mama Sindano alikuwa amekaa chini kabisa, penye nyasi zilizokatwa.

"Ningevikata mimi," alisema. "Kwa mikono yangu. Nilikuwa nimekaza."

"Mimi ndiye niliyekuambia ukaze," alisema Fundi. Akataka kuchuchumaa karibu naye, akakumbuka tumbo, akavuta kiti. "Mama watoto, kosa ni langu. Mwanangu, na wewe samahani. Mkono wako unatoka damu."

"Hiyo ni miiba tu. Sufuria ndiyo imeungua."

Mama Sindano akamwosha jirani yake mkono kwa maji na sabuni, akamfunga kitambaa safi kutoka kwenye mabaki yake ya kushona. Fundi alisema kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu yeyote kuhusu mashine: "Sasa nifundishe."

Dada Maua akamfundisha. Usiioshe kwa mpira wa maji. Toa betri, kisha safisha chini kwa brashi na kijiti. Betri usiiweke juani wala karibu na jiko. Ichaji ndani, mahali pakavu penye kivuli, kwa chaja yake yenyewe. Umeme ukiwa na tabia ya kukatika, ichaji mapema. Betri ikivimba, ikipasuka au ikiingia maji, usiitumie, wala usiitupe motoni. Mrudishie muuzaji.

"Na wewe," akamalizia, "hata hii nyepesi, usiisukume hadi daktari aseme."

"Nimekuwa mwanafunzi, si kiziwi," alisema Fundi.

Siku hiyo walikata nusu ya uwanja, kwa sababu betri iliisha. Siku ya tatu walikata nusu nyingine. Baadaye, Mama Sindano alipopokea malipo ya sare, walikwenda dukani wakanunua ya kwao. Fundi alimimina petroli yote ya Ngurumo kwenye dumu lenye alama, akaipeleka mashine chuo cha ufundi ili wanafunzi waifungue na kuifunga. Alisimama nayo mlangoni kwa muda, mkono juu ya tangi. Kisha akaondoka bila kugeuka.

Wiki ya sita daktari alimpapasa tumbo, akamwambia akohoe, akatabasamu. "Mshono umeshika."

Tangu hapo Fundi hukata nyasi mwenyewe. Nyoka hajaonekana tena, na majirani hawafungi madirisha. Lakini wiki ya kwanza Mama Sindano hakupata raha. Mashine ile ilivuma kwa chini mno. Barazani, juu ya sauti ya cherehani, hakuweza kujua kama mumewe anakata au ameinama na vidole vyake viko chini. Alikuwa anasimama na kukaa, anasimama na kukaa.

Ni Fundi aliyeona. Siku iliyofuata mashine ilipojaa nyasi, aliichomoa betri, akapita pembeni ya nyumba hadi barazani, akaiweka mapajani mwa mke wake, juu ya sare. Ilikuwa bado na joto.

"Nitunzie vidole vyangu," alisema. "Nakwenda kusafisha chini."

Mama Sindano aliifunika betri kwa kiganja. Hakuhitaji kusikiliza. Alikanyaga cherehani, akashona pindo lote la sketi, moja kwa moja, hadi mwisho.