Kuku Aliyezungushwa kwa Chui

Magharibi ilipoingia Rahima alikuwa njiani kumpelekea mumewe chakula. Kikapu kilikuwa mkononi, na Hadia, mwanawe wa pekee, mgongoni. Mtoto alikuwa hajagusa maji tangu asubuhi, na mwili wake ulichoma kama kikaango.

Jeilani, mumewe, alilinda chui watatu walionaswa bara wakawekwa vizimbani nje ya mji wa Amu, wakingoja meli. Wawili walikwisha kufa kwa homa ya paka. Daktari wa wanyama alimfundisha dalili yake: chui huinamia maji, kiu imemshika, asinywe.

"Huyu amepona!" Jeilani alimnong'oneza Rahima alipofika. "Jana alikuwa maiti. Yeo ala nyama!"

Gizani kizimbani, harufu ya nyama mbichi... na sauti.

Chap. Chap. Chui alikuwa akinywa.

Rahima alimtua mtoto. Hadia akajikokota hadi kwenye ndoo, akainamisha kichwa juu ya maji. Akaganda hivyo hivyo.

Hakunywa.

"Baba Hadia... kuku uliyemleta jana ulimtoa wapi?"

Jeilani alikohoa. Mganga, Bi Mwanamkisi, alikuwa amemzungusha kuku juu ya kizimba auvute ugonjwa. Kuku wa namna hiyo hutupwa ndia panda, na mtupaji hageuki nyuma.

"Kuku mnono vile, nimtupe? Nilimtinda kwa bismillahi!"

"Na maini alikula nani?"

Jeilani alimtupia Hadia jicho.

"Daktari asema homa hii haimshiki binadamu," Jeilani alisema hatimaye.

"Daktari hakula kuku wako!"

Akamnyakua mtoto, akasogea kizimbani.

"Mama Hadia! Chui huyu akifa, kazi sina."

"Utakwenda Kizingitini ukavue."

Akaupitisha mkono wa Hadia kati ya vyuma.

"Twaa chako," alinong'ona huku akilia. "Nirudishie mwanangu."

Chui aliunusa ule mkono. Akaulamba, polepole... kisha akarudi nyuma, akalala.

"Mama," Hadia akasema. "Mai." Akapewa maji, akanywa.

Asubuhi daktari alichukua damu ya mzoga wa chui, akasema ni virusi vile vile. Pengine.

Hadia alinawiri. Ila paka wa Amu, wanaojilaza hata mapajani mwa wageni, hawakukanyaga tena kibaraza cha akina Hadia. Mpaka jioni moja, kipaka kimoja kikajisahau, kikaingia.

"Ndoo hapa," Hadia alikiita, sauti laini mno. Alikuwa amechutama, hapepesi macho.

Rahima aliruka akawatenganisha. Hata leo hawezi kusema alikimbilia kumwokoa nani.