Kadi ya Picha Kwenye Unga

Rafiki yangu Nasipwondi, wa Nyamasaria, alikuwa akisonga ugali mumewe Waswa alipoita, "Mama Ivy, skrini imekataa kuwaka!"

"Labda imechoka kumtazama yule."

Yule ni mke wa kwanza, marehemu. Kompyuta ilikuwa yake, na kila jioni Waswa alifungua picha zake.

Waswa alibadilisha waya, kisha akafungua kasha. Kadi ya picha, ile yenye feni ndogo, haikuwemo. Nasipwondi alikuwa ameing'oa mchana na kuifukia kwenye ndoo ya unga.

Alipopakua ugali na omena, stima ikapotea. Akawaita gizani mmoja mmoja. Waswa na watoto wawili wakaitika, wote mezani.

Ndani ya ndoo, feni ilikuwa ikizunguka.