Vidole Tisa

Harufu ilianza Jumapili mchana, mwaka wa tisini na sita, nyumbani kwa Kanyiva kule Shauri Moyo. Ilikuwa ya karafuu, na Kanyiva hakuwa amenunua karafuu tangu Krismasi.

Kisha kibodi ya mwanawe Muthama ikaanza kulia chumbani. Tak, tak, tak, pengo, tak tena. Kanyiva akachungulia. Muthama alikuwa kitandani, mikono mapajani. Kompyuta ilikuwa imezimwa.

"Nani anachapa?" akanong'ona.

"Nyamaza, mama."

"Ninyamaze, na mimi ndiye niliyempikia uji miezi mitatu? Huyo ni Makokha."

Makokha alikuwa seremala wa Gikomba, mpangaji wao, mtu wa vidole tisa baada ya msumeno kula kimoja, na alitafuna karafuu kwa ajili ya jino bovu. Kikohozi kilimuua Machi. Usiku Muthama alimfundisha kompyuta, na wawili hao wakashughulikia programu ya ng'ambo, ile inayogeuza maandishi ya mtu yawe amri za kompyuta, ambayo yeyote duniani anaruhusiwa kuitengeneza. Makokha ndiye aliyerekebisha maagizo ya kuiunda mpaka ikakubali mashine kuukuu kama yao. Marekebisho hayo huitwa kiraka, na kila kiraka huandikwa jina la aliyekishona.

"Na wewe uliandika jina la nani?" Kanyiva akauliza.

Muthama akatazama sakafu. "Langu. Alikuwa ameshakufa. Na kiraka hicho ndicho kilichonipa kazi ofisini."

"Kumbe. Ulivyolia kaburini, nikadhani ni huzuni."

Vibonye vikaendelea kushuka na kupanda bila mkono juu yake, na harufu ikajaa chumbani, ikaingia kwenye nguo na kwenye mate, na kiti kitupu kikalia kama mtu mzito anayejisogeza, hadi Muthama akapiga magoti akisema kesho atawaandikia wasimamizi wa programu kule ng'ambo, hata kazi iende, atalirudisha jina kwa mwenyewe.

Kukawa kimya.

Jumatatu aliwaandikia akiwa ofisini, maana kompyuta ya nyumbani haikuwa na waya wa simu wa kupeleka barua popote. Alikiri yote, kisha akaenda kumwambia mkubwa wake. Akafutwa kazi. Jioni ya Jumanne rafiki wa ofisini akamletea jibu lao, limechapwa kwenye karatasi.

"Soma," Kanyiva akasema. "Macho yangu hayakusomeshwa."

Muthama akasoma polepole. "Asante kwa ukweli wako, lakini jina tulishalibadilisha. Makokha alituandikia mwenyewe Jumapili. Hana kinyongo nawe. Anasema kazi iliyobaki ni kubwa, na mtaimaliza pamoja huko aliko."

Karatasi ilinuka karafuu.

Kanyiva alifungua kinywa aseme neno kali, kama kawaida yake, lakini Muthama alikuwa ameanza kukohoa.