Msumari wa Jumamosi

"Binamu?" Léonie alibwaga birika mezani. "Yaani mimi ni binamu yako, Odile?"

"Punguza sauti, mgeni atasikia."

"Na asikie!"

Katika chumba cha pili, Bwana Pruvost wa makumbusho alikuwa akikagua picha ambazo Odile alikuwa ameamua kuzitoa zawadi angali hai. Zamani, alipokuwa akizinunua, Paris nzima ilimcheka. Leo zinagombewa kama mpira wa kona. Iliyotakiwa kuliko zote ni ya mwanamke aliyechorwa kwa uso wa kijani, na mwanamke huyo ni Léonie. Pruvost aliuliza ni nani, Odile akaropoka kwa mazoea: binamu yangu. Kibao cha kuwekwa kando ya picha kikaandikwa hivyo.

"Unakumbuka siku tuliyoinunua?" Odile akambembeleza.

"Nilisema nimekuwa mchicha, ukacheka mpaka tukafukuzwa kwenye ukumbi wa maonyesho. Ukanibusu mvua ikinyesha."

Loh, mapenzi yale! Vita viwili viliyakuta na kuyaacha. Lakini kila Jumamosi, kabla wageni hawajaingia, picha ile ilishushwa, na kwenye msumari uleule kikatundikwa kijipicha cha tufaha. Léonie akamimina chai na kukaa na wake za wachoraji.

"Nilijishusha kwa mikono yangu hii," Léonie alisema. "Nilivumilia, nikijua watu wana midomo. Sasa nitundikwe milele kwa jina la uongo? Bora unishushe kabisa."

Moyo ulimuuma Odile, na aibu ikamshika.

Pruvost akachungulia mlangoni. "Samahani, Madam. Ukuta wa sebuleni una alama mbili, kubwa na ndogo, kwa msumari mmoja. Pale ilikaa picha gani hasa?"

"Yake," Odile alijibu. "Ile ndogo ilikuwa ya woga wangu. Futa hiyo binamu. Andika: Léonie Barsac, wangu wa ubani."

Pruvost akakohoa. "Makumbusho hayaandiki hivyo, Madam."

"Basi yakatundike tufaha!"

Pruvost aliutazama uso wa kijani, akamtazama Léonie, akachomoa kalamu.

"Barsac... ni s moja?"

"Moja, baba," Léonie akajibu, akifuta machozi kwa aproni.

Jumamosi iliyofuata, picha zikiwa zimeshapelekwa makumbusho, wageni walijaa. Léonie akanyoosha mkono kwenye birika kama kawaida yake.

"We, kaa huko," Odile akamwambia mbele ya wote. "Leo namimina mimi, laazizi."

Léonie akaketi chini ya msumari mtupu.

"Sukari mbili," akasema. "Na usinimwagie."