Wakiuru na Dirisha la Ofa

Asubuhi ya Desemba mjini Nyeri huamka polepole. Ukungu hushuka kutoka mlimani na kutanda barabarani. Kwa muda mfupi maduka yote huonekana kama yanaelea. Taa huwaka mojamoja. Watu hutokea, hupita, kisha humezwa tena na weupe.

Wakiuru aliipenda saa hiyo. Alikuwa muuzaji katika duka la nguo la Bwana Ndungu. Kazi yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kuvalisha sanamu za dirishani. Sanamu zilikuwa nne: mama, baba na watoto wawili. Wakiuru alizivua nguo za jana, akazipangusa vumbi, akazivalisha nguo nyingine. Mikono yake ilikuwa myepesi. Akiifunga shali, hata mtu asiyehitaji shali alisimama kuitazama.

Mwezi huo duka lilikuwa na ofa ya Krismasi. Bwana Ndungu aliandika kwenye kioo kwa herufi nyekundu: OFA! NUSU BEI! Watu walikuja kutoka Kiganjo, wakaja kutoka Ruring'u, wengine wakatoka mbali kama Kiriaini. Walijaa dukani tangu mlango ulipofunguliwa hadi giza lilipoingia. Waligeuza nguo, wakazijaribu, wakaziacha chini. Wakiuru na mwenzake Murugi waliziokota na kuzikunja. Kabla hawajamaliza, zilikuwa zimevurugwa tena.

Siku ya mapumziko haikuwepo. Hata Jumapili walifanya kazi.

"Desemba hakuna ofu," Bwana Ndungu aliwaambia. "Mtapumzika Januari, wateja wakipungua."

Lakini Januari iliyopita hawakupumzika. Wakiuru alikuwa amefanya kazi hapo miaka mitatu, na bado aliitwa kibarua. Jioni alipewa pesa mkononi, bila karatasi yoyote. Siku aliyougua hakupewa kitu.

Nyumbani kwake kulikuwa Ruring'u. Mumewe, Nderitu, alikuwa fundi wa baiskeli. Mtoto wao, Shiro, alikuwa na miaka sita. Wakiuru alitoka nyumbani Shiro akiwa amelala, akarudi Shiro akiwa amelala. Alimjua mwanawe kwa pumzi yake gizani.

Jumapili moja, baada ya kanisa, Nderitu alimleta Shiro mjini amwone mama yake. Dukani hapakuwa na nafasi hata ya kupenyeza mguu. Wakasimama nje. Wakiuru alikuwa ndani ya dirisha, amepiga magoti, anafunga pini kwenye gauni la sanamu ndogo. Aliinua macho akamwona Shiro upande wa pili wa kioo.

Shiro aliweka kiganja kwenye kioo. Wakiuru naye akaweka chake. Kioo kilikuwa baridi. Midomo ya Shiro ilicheza. Alikuwa akisema jambo refu, lakini sauti haikupita.

"Mama Shiro!" Bwana Ndungu aliita. "Wateja wanangoja!"

Wakiuru aligeuka kuitika. Alipotazama tena nje, Nderitu na Shiro walikuwa wameondoka.

Jioni alimuuliza mumewe, "Shiro alikuwa anasema nini pale dukani?"

Nderitu alisita. "Ni maneno ya watoto tu."

"Niambie, Baba Shiro."

"Aliniuliza kama wale watoto wa dirishani ni wako. Ati unawavalisha vizuri sana."

Wakiuru aliinuka. Aliketi kando ya kitanda cha Shiro, akamfunika vizuri, ingawa alikuwa tayari amefunikwa.

Tangu siku hiyo alifanya kazi kama mtu anayetembea usingizini. Alisikia sauti za wateja kama maji ya mto yanayopita mbali. Alikunja nguo na hakukumbuka kuzikunja.

Alasiri moja jua lilichoma kupitia kioo cha dirisha. Wakiuru alikuwa amesimama juu ya kigoda, akiivalisha sanamu ya mama sweta. Joto lilikuwa zuri. Aliegemea bega la sanamu, kidogo tu, avute pumzi.

Akaona ukungu unaingia dukani, unapita chini ya mlango. Wateja wakaanza kwenda taratibu, wakawa weupe, wakanyamaza. Sanamu ya mama ikakunja magoti. Ikaketi sakafuni, ikanyoosha miguu kama mtu aliyetoka kuchuma kahawa kutwa nzima. Ikampungia Wakiuru mkono.

"Keti nawe," ikasema.

Wakiuru akaketi.

Kishindo kilisikika hadi barabarani. Wakiuru alizinduka yuko chini, na sanamu imemlalia. Mkono wa sanamu ulikuwa umevunjika begani. Paji la uso wake liliuma. Nje, watu walikuwa wamejazana kwenye kioo. Mmoja alisema, "Kumbe huyu ni mtu!"

Bwana Ndungu alikuja mbio. "Unalala kazini? Siku ya ofa?"

"Nisamehe, bosi. Nimechoka."

"Aliyechoka akae nyumbani. Huko nje watu ni wengi wanaotaka hii kazi. Na hiyo sanamu utalipa. Nitakata kwa pesa zako kidogo kidogo mpaka iishe."

Jirani wa duka hilo alikuwa mama mmoja aitwaye Gomti. Watu walimwita Mama Jay, kwa jina la mwanawe. Aliuza vifungo, zipu na nyuzi za kila rangi. Babu ya mumewe ndiye aliyefungua duka hilo. Mama Jay alisikia kishindo, akaja na kitambaa chenye maji baridi.

"Ndungu, huyu nitamkalisha kwangu dakika chache," alisema. Hakungoja jibu.

Duka la Mama Jay lilikuwa tulivu. Lilinukia udi. Nyuzi zilipangwa ukutani kutoka nyeupe hadi nyeusi, na Wakiuru alizitazama hadi macho yake yakatulia. Mama Jay alimpa chai ya tangawizi.

"Ngatia yuko wapi leo?" Wakiuru aliuliza. Ngatia alikuwa mfanyakazi wa Mama Jay.

"Leo ni ofu yake."

"Desemba?"

"Hata Desemba. Kila mfanyakazi ana haki ya kupumzika siku moja kila wiki. Hiyo ni sheria, si huruma yangu."

Wakiuru alishika kikombe kwa mikono miwili. "Mimi ni kibarua tu, Mama Jay."

"Kwa miaka mitatu? Kibarua ni mtu wa leo. Leo yupo, kesho hayupo. Ukifanya kazi mfululizo mwezi mzima na zaidi, sheria haikuiti kibarua tena. Wewe ni mfanyakazi wa mwezi. Unafaa kupata karatasi inayoonyesha mshahara wako na kila kitu kilichokatwa."

"Na hii sanamu nitailipaje?"

"Uliivunja makusudi?"

"Hapana! Nilianguka."

"Basi hulipi. Mwajiri anaweza kukukata kwa hasara uliyomtia makusudi. Kuanguka kwa uchovu si makusudi. Tena, saa zinazozidi saa zako za kazi zina malipo ya ziada. Ukifanya kazi sikukuu, malipo ni maradufu. Na kuna mshahara wa chini uliotangazwa na serikali. Hakuna mwajiri anayeruhusiwa kushuka chini yake."

Wakiuru aliweka kikombe chini. Maneno hayo yalikuwa mengi kwa mara moja. Kisha akasema lile lililomsumbua.

"Bosi husema akituongezea mshahara atafunga duka. Je, si kweli? Nikidai haki, tukose kazi wote?"

Mama Jay alipumua kwa nguvu. "Biashara ni ngumu, hilo si uongo. Mimi pia niko na duka. Kodi ni ya juu, na watu hawana pesa. Lakini jiulize. Ndungu ameandika nusu bei. Ile nusu nyingine imeenda wapi? Mwenye nyumba hachukui nusu ya kodi. Mwenye kiwanda hachukui nusu ya pesa yake. Basi nani ameibeba?"

Wakiuru alitazama mikono yake. "Mimi na Murugi," alisema polepole.

"Ninyi. Ofa si mbaya. Mimi mwenyewe napenda kununua vitu kwa ofa. Lakini mwenye duka apunguze bei kwa faida yake, si kwa mwili wa mfanyakazi wake."

"Nikisema, atanifukuza."

"Usiende peke yako. Nenda na Murugi. Semeni kwa adabu. Akikataa, nendeni ofisi ya kazi ya hapa mjini. Huko kuna afisa wa kusikiliza mambo haya, na halipishi. Na akikufukuza kwa sababu umedai haki, hilo nalo ni kosa."

Kesho yake asubuhi, kabla ya wateja kuja, Wakiuru alimweleza Murugi. Murugi aliogopa. Alikuwa na mama mgonjwa nyumbani.

"Na tukikosa kazi, Wakiuru?"

"Hata mimi naogopa. Lakini jana nililala nimesimama. Kesho ni wewe."

Waliingia pamoja kwa Bwana Ndungu. Wakiuru alizungumza polepole, bila kupaza sauti. Aliomba siku ya mapumziko, mshahara wa haki na karatasi ya malipo. Aliomba pia asikatwe pesa za sanamu.

Bwana Ndungu aliwatazama kana kwamba sanamu zake zimesema. "Nani amewafundisha haya maneno? Rudini kazini!"

Walirudi kazini. Mchana, wakati wa chakula, hawakula. Walikwenda ofisi ya kazi.

Afisa wa huko alikuwa mama mtulivu aitwaye Wangui. Aliwasikiliza hadi mwisho bila kuwakatiza. Kisha akampigia Bwana Ndungu simu, akamwalika ofisini. Siku chache baadaye waliketi wote wanne kwenye meza moja.

"Madam, biashara imekuwa ngumu," Bwana Ndungu alisema. Sauti yake haikuwa ya hasira tena. Ilikuwa imechoka. "Nikiwalipa vile wanataka, ofa yangu itakufa."

"Ofa ni yako, Bwana Ndungu," afisa alisema. "Unaweza kuipunguza ukitaka. Huwezi kupunguza mshahara uliowekwa na sheria, wala siku ya mapumziko."

Bwana Ndungu aliinamisha kichwa. Alipokiinua, macho yake yalitua kwenye paji la uso la Wakiuru. Uvimbe ulikuwa bado unaonekana.

"Sikujua uliumia," alisema.

"Hukuuliza, bosi."

Nje, mvua nyepesi ilikuwa inaanguka juu ya mabati. Bwana Ndungu aliisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Haya. Tuanze upya."

Walikubaliana siku hiyohiyo. Wakiuru na Murugi waliandikwa kuwa wafanyakazi wa mwezi. Mshahara wao ulipanda hadi kiwango cha sheria. Kila mmoja alipata siku yake ya mapumziko. Duka lingefungwa siku ya Krismasi. Habari ya kulipa sanamu iliisha hapo.

Bwana Ndungu alifuta maneno ya nusu bei kwenye kioo. Aliandika ofa nyingine, ndogo kuliko ile. Si wateja wote waliofurahi.

"Mbona bei imepanda?" mama mmoja alilalamika akiwa na gauni mkononi.

"Kwa sababu hata sisi tunakula, mama," Murugi alijibu.

Yule mama alimtazama. Alilirudisha gauni, akaenda hadi mlangoni. Hapo alisimama kidogo, akarudi kulichukua. Wengine waliondoka na hawakurudi. Lakini wengi walibaki. Zamani nguo ziliibwa kwa sababu wauzaji walikuwa wamechoka kutazama; sasa hazikuibwa. Siku ya ofu ya Wakiuru, Bwana Ndungu alikunja nguo mwenyewe. Jioni alisema mgongo unamuuma. Murugi alijizuia asicheke. Biashara haikufa.

Ofu ya Wakiuru ilikuwa Jumanne. Jumanne ya kwanza alilala hadi jua likaingia chumbani. Alishtuka, akakumbuka, akafumba macho tena. Shule zilikuwa zimefungwa. Baadaye yeye na Shiro walitembea hadi uwanja wa michezo wa Ruring'u. Ukungu ulikuwa umeondoka, na Mlima Kenya ulikuwa wazi, na theluji kidogo kileleni. Vijana wachache walikuwa wakikimbia kuzunguka uwanja. Walipita, wakaenda mbali, wakapita tena.

Mama na mtoto waliketi kwenye nyasi.

"Mama," Shiro alisema, "niko na hadithi ya kukuambia. Ni ndefu."

"Niambie."

"Tunarudi nyumbani saa ngapi?"

"Ukimaliza kusimulia."

Shiro aliwaza kidogo. "Lakini hata sijaanza."

"Basi anza," Wakiuru alisema, akavua viatu vyake.