Kioo cha Handaki la Tatu

Asubuhi hiyo saa na kioo havikukubaliana.

Vyote vilipima ufa uleule, kwenye dari ya handaki la tatu, mgodi wa dhahabu wa Kiabakari, enzi za Mwingereza. Saa ya shaba ilikuwa na mshale wa kuonyesha ufa umetanuka kiasi gani, hata unene wa unywele. Kioo kilikuwa kipande tu, kimegandishwa kwa saruji kuvuka ufa. Mwamba ukisogea, kinapasuka. Mshale ulikuwa umesogea. Kioo kilikuwa kizima.

Enoka, mpimaji, ndiye aliyeamua watu waingie au wasiingie. Zamu hiyo alikuwamo Ryoba, mdogo wake wa tumbo moja.

"Amini saa," alinong'ona Salum, fundi kutoka mtaa wa Mukendo, aliyeifunga saa hiyo. "Kioo kimelowa mate. Kinuse."

Kilinuka nywele zilizoungua.

"Saa inaingiaga maji," Enoka alijibu. "Imenidanganya mara mbili, nikawatoa watu bure, bwana mkubwa akanichapa viboko mbele ya mdogo wangu. Kioo hakidanganyagi."

"Humu kuna mwenyewe, Enoka, na si mtu. Nimemsikia anafyonza."

"Nenda kapumzike, Salum."

Mpumbavu! Aliuhurumia mgongo wake kuliko damu yake.

Ryoba alifika akicheka. "Kaka, kioo kizima?"

"Kizima. Ingia."

Watu wa zamu walipokwisha kuingia, Enoka aliinua taa, akaona ulimi mrefu wa kijivu ukitoka ufani, ukikilamba kioo polepole kama ng'ombe anavyomlamba ndama, na kila ulipopita, mstari wa mpasuko uliokuwa umeanza kwenye kioo ulijifunga, akafungua kinywa awaite watu warudi, na mwamba ukashuka mbele yake.

Walifukiwa kumi na mmoja, Ryoba akiwamo. Salum alimleta mwalimu wa Kurani kutoka Bunda, aliyesoma na kufukiza ubani siku tatu. Moshi wote ulifyonzwa na jiwe. Siku ya nne mwalimu alifunga mkeka wake, akaondoka bila kuaga.

Bwana mkubwa akachimbisha handaki jipya pembeni, na Enoka akabandika kioo kingine. Kila asubuhi, nyuma ya jiwe, sauti ya Ryoba humuuliza:

"Kaka, kioo kizima?"

Siku moja kilikuwa kimepasuka. Akajibu kweli, akawarudisha watu. Ryoba alipiga mayowe mle jiweni mpaka jioni, kama anayechunwa.

Leo kimepasuka tena. Watu wamesimama nyuma yake, wanasubiri.

"Kizima," anasema Enoka. "Ingieni."